GZ34, 5U4G au EZ81? Kuzielewa valvu za kunyoosha umeme katika amplifaya na redio za zamani

Kati ya valvu zote zilizomo kwenye amplifaya au redio ya zamani, inayobishaniwa zaidi ni ile ambayo muziki haupiti ndani yake. Imekaa jirani na transfoma, kazi yake ni kupokea mkondo geu na kuutoa ukiwa mnyoofu, basi. Hata hivyo utasikia kwamba GZ34 ya Mullard ina besi nzito, 5U4G ina sauti laini, EZ81 ina sauti kali, na bei hupanda kufuata maneno hayo. Ukweli uliopo nyuma ya sifa hizi ni mdogo, lakini upo, na unapimika kwa multimeta ya kawaida. Kinachosikika, kwa sehemu kubwa, ni volti: valvu moja inakula volti nyingi, nyingine inakula chache, na valvu za mwisho zinazosukuma spika hulishwa kile kilichobaki. Hapo hapo ndipo ilipo sababu ya transfoma nyingi kuungua baada ya mtu kuchomeka valvu "bora zaidi".

Ndani ya kioo kuna ombwe, kathodi iliyopakwa oksidi za bariamu na strontiamu, na anodi mbili. Kathodi ikipata moto hutoa elektroni, na elektroni hizo huelekea kwenye anodi yenye chaji chanya tu. Njia ya kurudi hakuna. John Ambrose Fleming aliitumia kanuni hii London mwaka 1904 kwa valvu yenye anodi moja. Valvu ya anodi mbili hushika nusu zote mbili za wimbi, ndiyo maana transfoma yake huandikwa 300-0-300: volti 300 kila upande, na waya wa kati unakwenda kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma ya kifaa. Kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, kinachotoka ni mapigo 100 kwa sekunde. Ishike hiyo 100, itatufaa wakati wa kutafuta ugonjwa.

Majina yake yanatisha kuliko yalivyo. Kwa mtindo wa Ulaya, herufi ya kwanza inataja hita, waya unaoipasha kathodi moto: G ni volti 5, E ni volti 6.3, U ni hita za mfululizo za miliampia 100, P ni mfululizo wa miliampia 300. Herufi ya pili Z ni anodi mbili, Y ni anodi moja. Tarakimu ya kwanza inataja kitako: 3 ni kile kikubwa cha pini nane, 8 ni kidogo cha pini tisa, 9 ni cha pini saba. Kwa hiyo GZ34 inajieleza yenyewe, na EZ81 vilevile. Wamarekani huanza na volti za hita: 5AR4 ndiyo GZ34, 6CA4 ndiyo EZ81, 6X4 ndiyo EZ90. Ukikuta CV1377 juu ya kioo, hiyo ni namba ya jeshi la Uingereza kwa GZ34. CV378 ni GZ37. Za Kirusi nazo zimefika huku: 5Ц3С ni ndugu wa 5U4G, ilhali 5Ц4С ni valvu ndogo zaidi, na herufi zake zinafanana kiasi cha kumponza mtu mwenye haraka. Mtego mwingine ni 5Z3P ya China, ambayo iko karibu na 5U4G na ina kitako cha pini nane, wakati 5Z3 ya Marekani ina pini nne na haiingii kwenye soketi hiyo kabisa.

Sasa namba zenyewe. Ziko nne zinazohitajika kabla ya kuchomeka chochote: ampia za hita, miliampia inazoweza kutoa, volti inazokula, na ukubwa wa kapasita ya kwanza, ile iliyo mara tu baada ya valvu, inayoivumilia.

GZ34 inataka volti 5 kwa ampia 1.9, inatoa hadi miliampia 250, na inakula kama volti 17 tu ikipitisha miliampia 225. Kapasita ya kwanza isizidi maikrofaradi 60. Ilitoka katikati ya miaka ya 1950, na kwa kweli ni kazi safi: kioo kidogo, mkondo mwingi, upotevu mdogo. 5U4G ni mzee wa miaka ya 1930. Inataka volti 5 kwa ampia 3, inatoa miliampia 225, na kwa mkondo huo inakula volti 44 hivi; mdogo wake 5U4GB anafika miliampia 275. 5Y3GT ni ya vifaa vidogo: volti 5 kwa ampia 2, miliampia 125, na kwenye mkondo huo inakula volti 50 hadi 60. 5R4GY ilikusudiwa kustahimili volti kubwa sana, na wengi huipenda kwa umbo lake. Lakini inakula volti 67 kwenye miliampia 250 na karatasi yake ya vipimo inataja kapasita ya kwanza ya maikrofaradi 4. Nne, si arobaini.

Upande wa volti 6.3, EZ80 inataka ampia 0.6 na inatoa miliampia 90. EZ81 inataka ampia 1, inatoa miliampia 150, inakula kama volti 20 kwenye mkondo huo, na kapasita yake ya kwanza isizidi 50. Hizi mbili ndizo zinazokutwa mara nyingi kwenye redio na redio gramu za Ulaya zilizobaki katika nyumba za zamani za Mwanza mjini, Bukoba na Musoma. 6X4 na 6X5GT zinatoa miliampia 70 kila moja. Kwa redio ndogo zisizo na transfoma, zenye UY85 au 35W4, ushauri ni mfupi: chasisi yake inaweza kuwa imeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Usiiguse bila transfoma ya kutenganisha.

Tuanze na hita, maana ndiko makosa ya bei kubwa yanakotokea. Soketi ya 5Y3GT, ya 5U4G na ya GZ34 imeungwa kwa mpangilio ule ule: hita pini 2 na 8, anodi pini 4 na 6, volti kubwa, yaani umeme mnyoofu unaolisha valvu nyingine, inatoka pini 8. Kwa kuwa zinaingia, watu huzichomeka. Transfoma iliyosukwa kwa 5Y3 ina koili ya volti 5 yenye uwezo wa ampia 2. Ukiweka 5U4G, koili hiyo inadaiwa ampia 3. Haitakata siku hiyo. Itapata moto kila jioni, vanishi ya waya itakauka na kupasuka, na baada ya miezi kadhaa koili itagusana na jirani yake. Koili hii ya volti 5 imekaa kwenye volti kubwa yenyewe, 300 na zaidi kutoka chasisi, kwa hiyo ikivuja haivuji kidogo. Wasukaji wa mota wanaweza kukusukia transfoma upya ukiwapa idadi ya mizunguko na unene wa waya, ila gharama yake ukiilinganisha na ya valvu utajuta. Kuelekea upande wa pili hakuna shida ya hita: mahali pa 5U4G unaweza kuweka GZ34, koili itapumua. Tatizo la hapo linahamia kwenye volti.

Chukua amplifaya yenye valvu moja ya mwisho, 6V6GT, iliyopangwa kwa 5Y3GT. Resista ya kathodi ni ohmu 270. Pima volti juu yake: 12.6. Gawanya kwa 270, unapata miliampia 47. Toa kama 4 za skrini, gridi ya pili ndani ya valvu hiyo, zinabaki 43. Pima volti kati ya anodi na kathodi: 250. Zidisha 250 kwa 0.043, unapata wati 10.75. Karatasi ya 6V6GT inaruhusu wati 12. Safi, ina nafasi.

Ng'oa 5Y3GT, weka GZ34. Volti kubwa inapanda kwa 40 hivi. Anodi sasa ina 290, resista ya kathodi inaonyesha 14.9, yaani miliampia 55. Toa 5 za skrini, zinabaki 50. Wati 14.5. Mwenye amplifaya anasikia sauti imechangamka, ina nguvu, besi imejaa, naye anaisifu GZ34. Kilichobadilika ni kwamba 6V6 inaungua polepole. Zima taa za chumba uitazame: anodi yake ikianza kuwa na wekundu hafifu, zima mara moja.

Kwa hiyo kila unapobadilisha aina ya valvu ya kunyoosha, pima volti kubwa kabla na baada, kisha rudia hesabu hiyo ya wati. Volti ikizidi, dawa ni resista baada ya kapasita ya kwanza. Kukata volti 40 kwenye mkondo wa miliampia 90 unahitaji ohmu 444, tumia 470. Itapoteza wati 3.8, basi weka ya wati 10, iwe mbali na kapasita za elektroliti, maana joto lake litazikausha.

Kapasita ya kwanza ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayoua valvu nyingi. Kapasita haijazwi kwa mkondo wa polepole. Volti ya transfoma inapofika karibu na kilele, valvu inafunguka kwa kitambo kifupi na kumimina mkondo wote wa mzunguko huo kwa mkupuo. Amplifaya inayotumia miliampia 100 kwa wastani inaweza kuidai valvu mikupuo ya mara nne au tano ya hiyo. Kapasita ikiwa kubwa, mkupuo unakuwa mfupi zaidi kwa muda na mkubwa zaidi kwa kimo. Wakati wa kuwasha ni balaa zaidi, kwa sababu kapasita tupu ni kama shoti. Kathodi inachunwa: punje za oksidi zinang'oka, cheche inaruka ndani ya kioo, na valvu iliyodumu tangu enzi za ukoloni inakufa mbele yako.

Chanzo chake cha kawaida kinajulikana. Kapasita ya awali, tuseme maikrofaradi 16, imekauka na redio inavuma. Dukani hakuna 16 wala 32, ipo 100 ya volti 400. Fundi anaiweka akiamini kubwa ndiyo bora. Mvumo unakwisha kweli, na valvu inakwisha baada yake. Njia sahihi ni kuacha ya kwanza iwe ndani ya kikomo cha valvu (5Y3GT 10 hadi 20, 5U4G hadi 40, EZ81 hadi 50, GZ34 hadi 60) na kuweka ile kubwa kwenye nafasi ya pili, baada ya resista au choki (koili yenye kiini cha chuma). Hapo inaondoa mvumo uleule bila kuidai valvu. Ukikosa thamani kamili, unganisha mbili: 33 mbili kwa mfululizo zinatoa 16.5 na zinagawana volti, mradi kila moja uiwekee resista ya kiloohmu 220 sambamba ili mgawanyo uwe sawa.

Kikomo hicho cha kapasita kina mwenzake asiyetajwa, ukinzani wa transfoma. Watengenezaji waliweka masharti yote mawili pamoja: kapasita isizidi kiasi hiki, na ukinzani kwa kila anodi usipungue kiasi kile. Unaupata hivi. Transfoma ikiwa imezimwa na imepoa, pima ukinzani kutoka anodi moja hadi waya wa kati: tuseme ohmu 110. Pima koili ya ukutani: ohmu 12. Uwiano wa volti ni 300 kwa 230, yaani 1.3, mraba wake ni 1.7. Zidisha 12 kwa 1.7, unapata 20, jumlisha na 110: ohmu 130. Kwa EZ80 na EZ81 karatasi za vipimo huomba ohmu mia na kitu hadi mia mbili na zaidi, kutegemea volti. Ukipungukiwa, weka resista ya ohmu 68 hadi 100 ya wati 5 kwenye waya wa kila anodi. Transfoma kongwe za redio zina waya mwembamba na ukinzani mwingi, hazina shida hiyo. Zinazosukwa upya kwa waya mnene, kwa nia njema kabisa, ndizo zenye shida.

Halafu kuna suala la nani anaamka kwanza. 5U4G, 5Y3GT na 5R4GY zina filamenti inayotoa elektroni yenyewe, kwa hiyo volti kubwa inakuwepo ndani ya sekunde chache. Valvu za mwisho zina hita ndani ya kathodi, zinahitaji sekunde 11 hadi 20. Katika pengo hilo hakuna anayekula mkondo, na volti kubwa inapanda hadi kilele: 300 mara 1.414, yaani 424. Kapasita iliyoandikwa volti 350 haina uhai mrefu hapo. GZ34 na EZ81 zina kathodi yenye hita, zinaamka polepole pamoja na wenzake, na mpanda huo haupo au ni mdogo. Ndiyo maana kuondoa GZ34 na kuweka 5U4G, hata kama hita inatosha, kunataka kwanza usome volti zilizoandikwa kwenye kila kapasita ya mstari huo. Ukiweka dayodi mahali pa valvu unapata mabaya yote mawili: volti zaidi, na papo hapo.

Umeme wa mtaani unaongeza lake. Volti 230 ni jina. Nyumba iliyo mwisho wa laini, tuseme Igoma au Buswelu huku Mwanza, inaweza kupata pungufu jioni watu wakipika na friji zikiwaka, na kuzidi usiku wa manane. Ikishuka hadi 190, hita ya volti 5 inapata 4.1. Hita zinavumilia asilimia 10 juu au chini. Kathodi iliyopoa ikiendelea kudaiwa mkondo uleule inachakaa upesi, jambo ambalo wengi hawalitarajii: wanadhani volti pungufu ni salama. Upande wa pili, redio iliyofungwa kwenye tapu (sehemu ya kuchagua volti za ukutani) ya 220 na kupata 245 inazipa hita za 6.3 volti 7, nje ya kikomo. Kwa hiyo tazama tapu nyuma ya redio kwanza. Kama kuna 240 au 245, itumie. Ni marekebisho ya bure. Stabilaiza ya friji inafaa pia, ya VA 500 inatosha amplifaya ya kawaida.

Umeme kukatika na kurudi ghafla ni jambo jingine. Ukirudi baada ya sekunde kadhaa, kathodi ingali na moto huku kapasita zimekwisha kumaliza chaji. Valvu iko tayari kutoa mkondo wote na kapasita iko tayari kuumeza. Hapo ndipo cheche zinapoonekana. Umeme ukikatika, zima swichi ya redio, na ukirudi subiri dakika moja au mbili. Kwenye visiwa na vijiji vinavyotumia inveta za bei nafuu za sola, wimbi si laini na kilele chake kinaweza kuwa chini ya kile cha umeme wa kawaida, hivyo hita zinapata haki yake lakini volti kubwa inapungua, na transfoma inanguruma. Usilinganishe valvu kwa sikio katika hali hiyo.

Unaponunua valvu iliyotumika, iwe kwenye soko la Mlango Mmoja, Mwanza, au kwa mtu anayevunja redio, anza na macho. Ndani ya kioo, mara nyingi juu au ubavuni, kuna doa la rangi ya fedha. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, iache. Likiwa limepungua na kingo zake kuwa za kahawia, imefanya kazi nyingi. Itikise taratibu karibu na sikio. Punje zinazogonga ndani ni dalili ya kathodi iliyobanduka. Pima hita: GZ34 na EZ81 zikiwa baridi zinaonyesha ohmu moja au pungufu. Kwa EZ81, hita ni pini 4 na 5, kathodi pini 3, anodi 1 na 7. Kati ya 3 na 4 multimeta isionyeshe kitu chochote. Hili si dogo. EZ81 huchangia koili ya hita na valvu nyingine kwa sababu imetengenezwa kustahimili tofauti ya hadi volti 500 kati ya hita na kathodi, na ikivuja hapo volti kubwa inaelekea chasisi kupitia hita. 6X5GT ina sifa mbaya ya kosa hili na imeua transfoma nyingi.

Kipimo kinachosema kweli ni cha mkondo, na betri ya bodaboda inatosha. Washa hita peke yake. Kwa EZ81, betri ya volti 6 inafaa moja kwa moja. Kwa GZ34, tumia adapta ya volti 5 yenye ampia 3 au zaidi. Chaja ya simu ya ampia 2 mara nyingi hujizima, kwa sababu hita baridi inavuta mkondo mwingi mno mwanzoni. Subiri dakika moja. Peleka chanya ya betri ya volti 12 kupitia resista ya ohmu 10, wati 5, hadi anodi moja, na hasi kwenye kathodi. Pima volti juu ya resista: kila 0.1 ni miliampia 10. GZ34 nzima hutoa volti 1.1 hadi 1.4. EZ81 nzima hutoa 0.6 au 0.7. 5U4G huonyesha kama 0.3, na 5Y3GT 0.1 tu na kitu. Udogo huo si ugonjwa, ndivyo zilivyo, na ndiyo picha halisi ya volti zinazokula. Hamia anodi ya pili. Namba mbili zikipishana zaidi ya asilimia 15 hivi, valvu imechakaa upande mmoja.

Upande ukifa kabisa kifaa hakinyamazi. Kinavuma, na mvumo wake ni wa mapigo 50 badala ya 100. Sikio lililozoea linazitofautisha: wa 100 ni mvumo wa kapasita iliyokauka, wa 50 ni mzito zaidi, na unaelekeza kwenye valvu ya kunyoosha au nusu moja ya transfoma. Kabla ya kuhukumu, hamisha waya za anodi. Ukiona udhaifu umehama nao, kosa ni la transfoma.

Majina ya viwanda sasa. GZ34 zilizotengenezwa Blackburn, Uingereza, ziliuzwa chini ya lebo nyingi tofauti, kwa hiyo lebo pekee haikuambii kitu, na wino wa Mullard hufutika hata kwa kidole. Soma namba ndogo iliyochongwa kwenye kioo karibu na kitako. Mstari kama B5K4 unasema B ni Blackburn, 5 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, K ni mwezi wa kumi na moja, 4 ni wiki. Lebo inayong'aa juu ya kioo kisicho na namba iliyochongwa ni ya kushukiwa. Sifa ya valvu hizi ni ya kweli, ila ni sifa ya kudumu: zilivumilia mikupuo na joto kwa miaka mingi. Nyingi za sasa za jina hilohilo haziivumilii kapasita ya 60 kwa raha. Ukitumia mpya, ipe 32 hadi 47.

Kuhusu kusikika, masharti ya kulinganisha kwa haki ni matatu: volti kubwa ziwe sawa ndani ya volti 2 au 3, mkondo wa valvu za mwisho uwe uleule, na ukubwa wa sauti usiguswe. Tumia ile resista ya 470 au inayokaribia kusawazisha. Katika redio yenye valvu moja ya mwisho, ambayo inakula mkondo uleule muziki ukiwa juu au chini, tofauti kati ya 5Y3 na GZ34 baada ya kusawazisha ni finyu kiasi kwamba haistahili hela. Katika amplifaya yenye valvu mbili zinazopokezana, mkondo hupanda muziki unapopigwa kwa nguvu. Tuseme unatoka miliampia 100 hadi 160: kwa hesabu ya juu juu 5U4G itaongeza ulaji wake kwa volti 9, GZ34 kwa 4. Mikupuo ya kapasita inazikuza zote mbili. Volti inayozama kidogo hulainisha ngoma na besi, na wapenda muziki wa dansi wa zamani huipenda hali hiyo. Anayetaka besi kavu atachagua GZ34. Lakini kati ya GZ34 mbili nzima za viwanda viwili tofauti, usitarajie ajabu.

Soketi nayo itazamwe. Kati ya pini 4 na 6 kuna kilele cha karibu volti 850 kwa transfoma ya 300-0-300. Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo kutu ya Mwanza ni ya polepole kuliko ya Tanga, lakini wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga na joto, huingia kwa nyuma na kufia juu ya soketi. Vumbi lao likipata unyevu wa masika, cheche hutambaa juu ya bakelaiti na kuacha mstari mweusi wa kaboni. Mstari huo unapitisha umeme daima, kusugua hakusaidii. Badilisha soketi, weka ya kauri.

Kinga ya mwisho ni ya bei ya chai. Kwenye waya wa kila anodi weka dayodi 1N4007 mbili kwa mfululizo, mstari wa fedha ukiielekea valvu. Valvu inaendelea kufanya kazi kama zamani, ila ikipata shoti ndani, mkondo geu hautaifikia kapasita. Kisha weka fyuzi ya kuchelewa ya miliampia 315 kati ya waya wa kati wa transfoma na chasisi, kwa kifaa kinachokula miliampia 120 hivi. Kabla ya kugusa chochote huko ndani, chomoa waya ukutani, peleka resista ya kiloohmu 10, wati 5, kati ya chanya ya kapasita na chasisi kwa sekunde tano, halafu pima. Ikisoma chini ya volti 5, shika waya wa risasi na chuma chako cha kulehemu uanze kazi.